Bakuli la Pembeni

Hawah alizaliwa na kinyaa kama wengine wanavyozaliwa na mwanya. Alipokuwa mtoto pale Arua, nyuma ya soko, hakunywa maji katika kikombe cha mtu mwingine mpaka akisugue kwa majivu. Nzi akitua juu ya andazi, andazi hilo haliliki tena. Mtu akipenga kamasi kisha akamnyooshea mkono, Hawah anaficha wake mgongoni. Mama yake alikuwa akimwambia, "Wewe na kinyaa yako, iko siku Mungu ataonyesha wewe." Hakuwa mwanamke mbaya, mama yule, ila ulimi wake ulikuwa na mkosi wa kusema yatakayotokea.

Mwaka 1972 aliolewa Koboko na Hamuza, dereva wa lori, mtu wa maneno machache na mabega mapana. Akazaa binti, Kaltuma. Na baada ya uzazi ule ndipo ngozi yake ilipomgeuka. Utotoni aliwahi kuwa na vipele vya kuwasha kwenye viwiko, vikapona, akavisahau. Safari hii vilirudi na ukoo mzima. Vilishika viwiko na nyuma ya magoti, vikapanda shingoni, vikashuka viganjani hadi katikati ya vidole. Ngozi ilinenepa, ikapasuka, ikatoa maji ya njano yanayonata. Alikuwa akijikuna mpaka kucha zinajaa damu na utando. Asubuhi shuka lilikuwa limegandia miguuni, akalibandua polepole huku ameuma ncha ya mto. Kitandani yalibaki magamba, kama unga wa muhogo uliomwagika.

Wako wanaosema mgonjwa huzoea ugonjwa wake. Waongo. Hawah hakuzoea hata siku moja. Alijinusa, akajichukia. Alitazama mikono yake mwenyewe ikikanda unga, akageuza uso pembeni. Hamuza alikuwa akiamka kabla ya adhana, analikung'uta shuka nje nyuma ya choo ili mama yake asiyaone yale magamba, kisha analirudisha bila kusema neno. Hawah alimpenda kwa ajili ya hilo, na aliona aibu mpaka akatamani asipendwe.

Mama mkwe wake, Hadijah, ndiye aliyekuwa serikali ya nyumba ile. Alikuwa mjane, mnene enzi za watu kuwa wanene, mnusaji mkubwa wa ugoro, na mtu wa kujua kila kitu. Yeye ndiye aliyeamua tiba. Kwanza ilikuwa oili chafu kutoka chini ya lori la Hamuza. Hawah alipakwa akawa mweusi tii, akanuka gereji, nzi wakamkimbia kwa muda, kisha ngozi ikawaka moto. Ikafuata nyongo ya mbuzi. Halafu maji ya betri, na hapo Hamuza alikataa kwa sauti, kitu ambacho watu hawakuwahi kukisikia.

Mwisho ukaja moshi. Hamuza na watu wake walikuwa Wanubi, na Wanubi wana moshi wao wa wanawake, dukhani, wa bibi harusi na wa mke anayetoka uzazini. Shimo dogo linachimbwa chumbani, makaa yanawekwa na kuni za harufu nzuri, mwanamke anakaa juu yake amefunikwa blanketi zito mpaka jasho limtoke na ngozi ing'ae. Mama Hadijah alimkalisha Hawah pale, akamfunika, akaegemeza mgongo mlangoni asitoke. Hawah alilia humo ndani mpaka sauti ikakauka. Blanketi lilipoondolewa, ngozi ya mapaja iliondoka nalo. Mama Hadijah aliziba pua kwa ncha ya guo lake.

"Hata moshi nakataa yeye," aliwaambia wanawake waliokuwa wakingoja nje.

Nao wakatikisa vichwa, mmoja akasema la kuvunda halina ubani. Alilisema taratibu, lakini si taratibu ya kutosha.

Tangu siku hiyo Hawah alipewa bakuli lake.

Mtu asiyejua nyumba za Wanubi atauliza, bakuli lina nini? Katika nyumba ile chakula kilikuwa kikipakuliwa kwenye sinia moja kubwa la bati. Asida, yaani ugali wa mtama na muhogo, inakaa katikati, mchuzi wa bamia kavu umeizunguka, na wanawake wote wanakaa mkekani na kutia mkono. Kula peke yako si kula, ni kulishwa. Sahani ya pembeni anapewa mtu mwenye ukoma, au mbwa. Bakuli la Hawah lilikuwa jeupe, la bati lililopakwa kaure, na ukingoni lilikuwa limebanduka likaacha kovu jeusi. Liliwekwa karibu na mlango, njia ya kuku. Siku nyingine kuku walidonoa kabla yeye hajafika, na yeye, Hawah mwenye kusugua kikombe kwa majivu, alikaa akala kilichobaki.

Lakini hata hilo angelivumilia. Lililomvunja lilikuwa Kaltuma. Mama Hadijah alikuwa amekataza mtoto asilishwe na mama yake. Siku moja, wazee wakiwa nje, Hawah alifinyanga tonge dogo, akalichovya, akampelekea mwanawe mdomoni. Kaltuma aliviangalia vile vidole vilivyopasuka, vyenye maji. Akafumba mdomo. Akaufumba kabisa, midomo ikaingia ndani, macho yakakunjamana, na Hawah akaujua uso ule. Ulikuwa uso wake mwenyewe mbele ya andazi lenye nzi.

Kuanzia hapo hakutaka dunia wala mali. Alitaka kitu kimoja tu, kukaa kwenye sinia mbele ya watu na kumlisha mwanawe kwa mkono wake.

Hamuza ndiye aliyempeleka Arua, akamkalisha mbele kwenye lori kati ya magunia ya kahawa na dirisha. Karibu na Ediofe, njia ya kwenda kanisa kubwa, kulikuwa na zahanati ndogo ya daktari mmoja Mkongo aitwaye Albert, aliyekimbia vita vya kwao miaka ya sitini akahamia huku na asirudi tena. Alikuwa mrefu, ana miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliushika mkono wa Hawah kwa mkono mtupu, akaugeuza, akapitisha kidole juu ya ngozi ile.

Hawah aliuvuta mkono wake haraka. Kinyaa kilimshika kwa niaba ya daktari.

"Mama, lete mukono," alisema Albert. "Hii hapana bukoma. Hapana laana. Haiambukize mutu. Hii ni pumu ya ngozi."

"Na inatoka wapi, daktari?" aliuliza Hamuza.

Albert alitafuta maneno. "Mwili iko na askari yake. Kazi yao ni kulinda nyumba. Sasa askari ya mama huyu bameharibika kichwa. Mwizi hayuko, lakini bao banapiga benye nyumba tu."

Alipokwisha kusema hivyo alitazama dirisha, akainuka akalifunga. Miaka ile ya utawala wa jeshi mtu hakuzungumza habari za askari wanaopiga wenye nyumba huku dirisha liko wazi, hata kama habari yenyewe ni ya ngozi. Hamuza alikohoa. Kikulacho ki nguoni mwako, na siku zile kila mtu alikijua, hakuna aliyekitaja.

Albert aliendelea kwa sauti ya chini. Iko dawa, alisema, vidonge vyeupe vidogo, predinisoloni. Inawalaza hao askari. Wakilala, ngozi itapona. "Lakini askari akilala, mwizi wa kweli naye anaingia. Basi mutu mwenye surua, mwenye kifua, mwenye majipu, usikae naye karibu. Na dawa hii usiikate gafla. Mwili inazoea. Ukikata gafla, unaanguka. Tutapunguza polepole, mimi na wewe. Na jambo la mwisho, mama. Hii ni dawa ya mutu moja. Usimpe mutu."

Vidonge vyenyewe havikuwa vikipatikana kirahisi. Maduka ya dawa yalikuwa yamefungwa tangu Wahindi wenye maduka walipofukuzwa nchini, na waliopewa maduka hayo waliuza kilichokuwemo kisha wakauza na rafu. Lakini sokoni Arua alikuwako Kavira, mwanamke wa Kongo, muuza vitenge, ambaye chini ya vitenge alikuwa na mambo mengine. Yeye ndiye aliyewaletea kutoka ng'ambo ya mpaka mkebe mzima, ule wa hospitali, mkubwa.

Na dawa ilifanya kazi. Kwanza mwasho ukatulia. Hawah alilala usiku mzima, akaamka akidhani amekufa. Kisha maji yakakauka, magamba yakapukutika, na chini yake ikatoka ngozi changa, laini, yenye weusi wa kupendeza. Viganja vikafunga. Alivitazama viganja vile juani, akavinusa, vikanuka sabuni tu. Alicheka peke yake jikoni.

Ikaja njaa. Wala si njaa ya kawaida, ni njaa ya kuamka na kutafuta ukoko sufuriani. Mashavu yakajaa, shingo ikajaa, uso ukawa wa mviringo. Aliporudi kwa Albert, daktari hakufurahi. Alimwambia uso ule si afya, ni dawa inayosema imetosha, na akaanza kupunguza vidonge.

Koboko waliuona uso ule kwa macho mengine. Huo ulikuwa mwaka 1978, na hali ilikuwa mbaya. Sukari ilikuwa hadithi. Sabuni ilikatwa vipande vya kidole. Chumvi ilifichwa. Wanawake waliokuwa na minofu walibaki na mifupa ya mabega, na nguo zao za zamani ziliwapwaya. Katikati ya watu hao anapita Hawah, uso umejaa, mashavu yanang'aa. Basi wakamsifu! "Umenawiri, Mama Kaltuma." "Bwana anakutunza." Yule yule wa la kuvunda halina ubani alimfinya shavu barabarani kwa vidole vyake vyenye harufu ya samaki mkavu, akasema mashaallah. Hawah alitabasamu, akaenda nyumbani akaosha shavu. Zamani walikuwa wakitema mate akipita. Hakujua kipi kilimchefua zaidi, mate yao au sifa zao. Ngozi mbovu waliikimbia, uvimbe wa dawa wakauita uzuri.

Siku moja ya Ramadhani, saa ya kufuturu, Mama Hadijah alisogeza goti mkekani akagonga nafasi iliyo wazi.

"Wewe kula hapa," alisema.

Hawah alikaa. Alikuwa ameingoja nafasi ile miaka. Na sasa, kwa karibu, aliona yote ambayo kutoka mlangoni hayakuonekana. Aliona kucha ya Mama Hadijah iliyojaa ugoro. Alimwona akilamba vidole mpaka kifundo, kisha akivirudisha katikati ya asida, akichagua nyama, akiibonyeza, akiiacha, akichukua nyingine. Aliona mate yamechora njia kwenye mchuzi. Kumbe hili ndilo sinia nililolililia, alijisemea. Hawa ndio walionionea kinyaa! Nyani haoni kundule.

Akameza mate, akatia mkono. Alifinyanga tonge kwenye upande wake, dogo, akalichovya. Kaltuma alikuwa amekaa kando ya bibi yake. Alivitazama vidole vya mama. Kisha akafungua mdomo.

Hawah alilia, akasingizia pilipili.

Mambo yangeishia hapo kama si harusi. Mama Hadijah alikuwa na binti wa mwisho, Mastura, dada yake Hamuza, msichana mpole, mwembamba wa kuzaliwa. Alikuwa ameposwa na Asuman, sajini wa jeshi, na harusi ilipangwa baada ya Idi ya kuchinja. Mfungo ulipokwisha, Mastura alitiwa ndani kama desturi ilivyotaka. Bibi harusi haonwi na jua. Anasuguliwa kwa dalka, ule unga wa manukato, anafukizwa moshi, analishwa anenepe, ili siku atakapofunuliwa watu waseme ametoka nyumba yenye kula. Lakini umnenepeshe mtu kwa kitu gani, wakati hata samli inaingia mjini kwa kificho? Mama Hadijah alimtazama binti yake, akaona mifupa. Akamtazama mkamwana wake, akaona mashavu.

Mkebe wa dawa ulikuwa mikononi mwake. Miaka ile ya uhaba, kila kitu adimu kiliingia kwenye sanduku la Mama Hadijah na kufungwa kwa kufuli: sukari, sabuni, chumvi, viberiti, na mkebe wa Hawah pia. Kila asubuhi alifungua, akampa Hawah vidonge vyake kiganjani. Na sasa kila asubuhi, kabla ya hapo, alitwanga konzi nzima ya vidonge katika kinu kidogo cha kahawa akachanganya na uji wa Mastura. Hakuona vibaya. Dawa ya kunenepesha iko ndani ya nyumba, na nyumba ina bibi harusi. Shangazi wawili wa bibi harusi nao waliomba kidogo, wakapewa.

Uso wa Mastura ukajaa. Wanawake walipenyeza vichwa chumbani, wakapiga vigelegele. Hawah alidhani ni uji.

Asubuhi moja alipewa kidonge kimoja mahali pa vitatu. Siku iliyofuata hakupewa kitu.

"Mama, dawa yangu," alisema.

"Dawa ya nini? Wewe napona kitambo. Angalia mukono yako."

"Daktari alisema nisikate ghafla. Tunapunguza polepole."

"Daktari ya Kongo. Yeye nataka pesa tu." Mama Hadijah alifunga sanduku.

"Mama, mkebe ulikuwa nusu. Umekwenda wapi?"

Mama Hadijah alimgeukia kwa mshangao wa kweli, na huo mshangao ndio ambao Hawah hakuja kuusahau. "Umekwenda kwa tumbo ya dada yako. Yeye iko bibi harusi. Wewe nalia sinia, nalia sinia, sisi napa wewe sinia. Sasa nataka kula dawa peke yako? Kwetu hapa chungu ya mutu moja hakuna."

Hawah alitoka uani, akatazama barabara. Hamuza alikuwa safarini, amepakia kahawa kuelekea mpakani mwa Sudan, na haikujulikana atarudi lini.

Siku chache baadaye hakuweza kuinuka. Miguu ilikuwa maji, kichwa kilizunguka, kila kilichoingia tumboni kilitoka. Alitapika kando ya mkeka, akatapika juu ya nguo yake, akakosa nguvu ya kujifuta. Mama Hadijah aliingia, akaona matapishi, akapiga kigelegele.

"Mimba!" alisema. "Hamuza natia mutoto!"

Wanawake wakaja kupongeza. Walisimama juu yake, miguu yao yenye vumbi kando ya yale matapishi, wakibishana kama ni dume au jike. Hawah alifumba macho. Chini ya kanga aliusikia mwasho ukirudi, kwanza kiwikoni, halafu kila mahali kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuona kinyaa kwa nafsi yake. Kilikuwa kimehama chote, kimewaendea wao.

Usiku wa pili wake harufu nyingine ilijaa nyumba. Ilitoka chumba cha bibi harusi. Walichoma udi, wakaongeza ubani, ikawa mbaya zaidi, tamu na iliyooza kwa pamoja. Mastura alikuwa ameficha. Chini ya dalka na mafuta, kwapani kushoto na juu ya bega, yalikuwa yametoka majipu, moja likazaa lingine, na yote yalikuwa yamepasuka ndani ya blanketi la moshi. Homa ilikuwa ikimtetemesha. Ulimi ulikuwa na utando mweupe. Askari walilazwa, mwizi akaingia, na aliyewalaza ni mama yake mzazi kwa kinu cha kahawa.

Hamuza aliporudi alimkuta mke upande huu, dada upande ule, na mama katikati akisema wamerogwa na watu wenye wivu. Hakubishana. Aliwabeba wote wawili akawaweka juu ya magunia matupu, akaendesha hadi Arua bila kusimama.

Albert alipoambiwa kisa chote alivua miwani, akaifuta muda mrefu. "Kwa kinu ya kahawa," alirudia. Alimrudishia Hawah vidonge palepale, kutoka kikasha kidogo alichokipata kwa Kavira, na hadi jioni aliweza kukaa. Mastura alipasuliwa majipu. Usaha ulijaza beseni. Hawah alikuwa kitanda cha jirani, aliona, alisikia, akageuza uso ukutani. Mastura alipigwa sindano za penisilini siku nyingi. Kabla hawajaondoka, Albert alimwambia Hawah asiguse bendeji za wifi yake wala kitambaa chake, anawe mikono kwa sabuni kila mara, na dawa asimwachie mtu tena. Hawah alishona mfuko wa kitambaa, akatia vidonge vyake, akauvaa shingoni ndani ya nguo.

Waliporudi Koboko, hapakuwa na harusi ya kungojea. Vita vilikuwa vimeanza kusini na Sajini Asuman alikuwa amepelekwa huko. Watu wake walituma salamu, wakasema tungoje kwanza. Pengine walikuwa wamesikia na habari za beseni.

Idi ya kuchinja ikafika. Hamuza alichinja mbuzi mmoja, mkonde. Majirani wanawake wakaja, wamevaa walichonacho, wakakaa mkekani kuzunguka sinia. Harufu ya nyama iliwafanya wanyamaze. Mastura alitoka chumbani kwa mara ya kwanza. Uso wake ulikuwa umenywea tena, na bendeji ilionekana ukosini mwa gauni, ina doa la njano pembeni. Harufu ilimtangulia kidogo. Mwanamke mmoja alivuta ushungi puani.

Mama Hadijah aliona ule ushungi. Akainuka upesi, akaingia jikoni, akatoka na bakuli jeupe lenye kovu jeusi ukingoni. Akapakua asida kidogo, kipande cha mfupa, mchuzi. Akaliweka karibu na mlango.

"Binti yangu, leo kula hapo," alisema kwa sauti ya upole. "Watu iko."

Mastura alilitazama bakuli. Alikuwa ameliona miaka yote likiwekwa pale, na hata siku moja hakuuliza. Akaanza kuinama ili akae.

Hapo kinyaa kilimpanda Hawah kuliko siku ya oili, kuliko siku ya mashavu, kuliko usiku wa matapishi. Wala hakikuwa cha usaha. Aliinuka, akaliokota bakuli, akamimina kila kilichokuwemo katikati ya sinia, asida na mfupa na mchuzi, mbele ya macho yao. Akachukua birika, akamnawisha Mastura mkono wa kulia, vidole vyote, kwa sabuni. Akamkalisha mkekani, naye akakaa ubavuni mwake, upande usio na bendeji.

"Bismillahi," alisema, "tule."

Hakuna aliyetia mkono. Mmoja alikumbuka ana chungu motoni. Mwingine akakumbuka mtoto. Yule wa la kuvunda halina ubani hakukumbuka kitu, aliondoka tu. Punde si punde mkeka ukawa mpana. Walibaki Hawah, Mastura na Kaltuma, na sinia zima la nyama ya Idi.

Nisimsingizie Hawah utakatifu. Harufu ile ya bendeji aliisikia, akala huku anapumulia mdomo. Alikuwa na kinyaa kile kile alichozaliwa nacho. Alifinyanga tonge, akala. Akafinyanga lingine, akampa Kaltuma. Kaltuma akapokea, akatafuna, kisha yeye mwenyewe akamsogezea shangazi yake kipande cha ini.

Mama Hadijah alikuwa bado amesimama. Njaa ilikuwa usoni mwake, maana hakuwa amekula tangu sala ya Idi. Aliitazama nyama, akautazama ubavu wa binti yake, akakunja pua.

"Mimi nipe kwa sahani," alisema hatimaye. "Nakula pembeni."

Hawah aliinuka bila kinyongo usoni. Alichukua majivu jikoni akalisugua lile bakuli nje na ndani, akalisuuza, akalisugua tena. Akalijaza, akachagua minofu mizuri, mchuzi ukafika juu. Akaliweka mahali pake, karibu na mlango.

"Hii?" Mama Hadijah alisema.

"Imeoshwa, Mama."

Mama Hadijah alikaa chini polepole. Mkono wake ulinyooka ukasimama juu ya lile kovu jeusi la ukingoni, haukushuka, haukurudi. Alilitazama bakuli mpaka kuku wakaja.